Maji ya Chai Niliyomtuma Mulwa

Nyinyi vijana mnaokimbia kila asubuhi pale uwanja wa Kanyangi, na matofali ndani ya mabegi ya shule mkisema mnajenga mwili, hayo matofali wekeni chini. Hakuna mtu anaandikishwa jeshini kwa sababu alibeba tofali. Watawatazama meno, watawatazama nyayo, watawakimbiza, basi. Mgongo wako utaharibiwa na jeshi lenyewe, usiusaidie kazi.

Kitu kingine ni soksi. Kijana anafika kambini anauliza habari za bunduki, mimi namwuliza ana soksi ngapi. Askari wa miguu ni miguu kwanza, jina lenyewe si mmelisikia. Uwe na pea tatu. Moja umevaa, moja umefua, moja iko ndani ya shati, tumboni, inakauka kwa joto lako. Ukipumzika dakika kumi, vua kiatu kimoja, pangusa kati ya vidole, vaa, ndipo uvue cha pili. Usivue vyote kwa mara moja. Mimi nimemwona mtu mzima akikimbia pekupeku kwenye miba, na kofia ya chuma kichwani, eti aliona raha ya upepo.

Bunduki nayo usiipake mafuta mengi ukiwa nchi ya vumbi. Mafuta yanashika mchanga, na mchanga unakwama mahali usipotaka ukwame. Paka kidogo, pangusa, paka tena. Haya nilifundishwa na Sajini Abdi, mtu wa Garissa, Mwislamu wa kuswali swala zote tano hata tukiwa kwa handaki. Mrefu, mwembamba, sauti ndogo. Sijawahi kumsikia akipiga kelele na sijawahi kumwona mtu akimkaidi. Nikiwaambia nimejua kazi, ni kwake nilijifunza.

Lakini najua nyinyi hamji kwangu kwa sababu ya soksi. Mkimaliza kukimbia mnakaa pale kwenye ukuta wangu, mnasema, "Sajini, tuambie ile ya nyuki. Sajini, tuambie ile ya mbuzi." Nawaambia, mnacheka mpaka mnashika mbavu, mnaenda zenu. Leo nimeamua kuziandika, kwa sababu ile ya mbuzi sijawahi kuwamalizia.

Tuanze na nyuki.

Tulikuwa ng'ambo ya mpaka, mwaka wetu wa kwanza huko. Mimi nilikuwa koplo, nina watu wanane chini yangu, na mmoja wao ni praiveti Mulwa, kijana wa Sultan Hamud. Mkamba mwenzangu. Mama yake alikuwa na kibanda cha mboga kando ya barabara kuu, baba yake alistaafu reli. Mulwa alikuwa na mke hapa Kanyangi, Ndunge, na mtoto wa miaka minne. Alikuwa mtu wa kucheka. Hata akikosewa alicheka kwanza, ndipo akakasirika, na mara nyingi hasira ilikuwa imeshapita.

Siku hiyo tulikuwa kwenye doria, saa sita mchana, jua la kuchoma. Luteni wetu akasema tupumzike chini ya migunga. Sasa wewe mweke Mkamba chini ya mgunga wenye tundu na nyuki wanaingia wanatoka, halafu umwambie apumzike. Baba yangu alikuwa na mizinga zaidi ya arobaini. Mulwa akanitazama, mimi nikamtazama. Nikatikisa kichwa, ndiyo, nenda.

Akawasha mavi makavu ya ngamia, akapanda. Kosa lake ni kwamba alidhani nyuki wa kule ni kama wa kwetu. Wale hawakuwahi kuona moshi wa mtu. Walishuka wote kwa pamoja. Luteni alikuwa kijana wa upande wa ziwa, hajui nyuki ni nini, akakimbia moja kwa moja ndani ya kichaka cha miba na huko ndiko alikaa. Mtu wa redio akashika chombo, anapiga simu makao makuu huku amejifunika koti, anasema tumeshambuliwa. Wakamwuliza, adui ni wangapi? Akasema hawezi kuhesabu. Wakamwuliza, wako upande gani? Akasema pande zote, na juu pia.

Walikuwa wanawasha helikopta. Sajini Abdi ndiye aliyemnyang'anya redio, jicho moja limefungwa kabisa, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Ni nyuki. Hakuna majeruhi. Kuna aibu tu."

Jioni Luteni akatupanga mstari, uso umevimba, akauliza, "Nani alimruhusu huyu mtu kupanda mti?" Nikapiga hatua mbele palepale. "Mimi, afande." Tulichimba vyoo wiki nzima, mimi na Mulwa, tukila asali iliyobaki kwa kidole. Sajini Abdi alikuja akaomba kidogo.

Hiyo mnaipenda. Na mimi naipenda, kwa sababu humo ndani nilijibu nilipoulizwa.

Sasa ile ya mbuzi.

Kambi tuliyohamia baadaye ilikuwa juu ya kilima kidogo, na chini yake mto wa mchanga, mkavu. Maji tulikuwa tunaletewa na lori, na lori lilikuja likitaka. Siku ya tatu bila lori watu walianza kulamba midomo. Mimi na Mulwa tukashuka tukatazama ule mto, tukaanza kucheka. Mto ule ulikuwa kama wa kwetu kabisa. Mtoto wa Kitui anajua kuchimba maji kwenye mchanga kabla hajajua kusoma.

Nitawaambia, maana mmezaliwa na mifereji na siku moja itakauka. Usichimbe katikati. Tafuta pale mto unapopinda, upande wa nje, na kama kuna jiwe limekata mto, chimba juu ya hilo jiwe, maana maji yamezuiwa hapo. Tazama kama kuna mkuyu karibu. Chimba kwa sahani, si kwa jembe, ukuta usianguke. Maji ya kwanza yamwage, ya pili yamwage, ya tatu onja. Ukimaliza zungushia miba. Sisi tulifanya hivyo vyote, na saa tisa tukapanda kilima na jerikeni nne za maji matamu. Kambi nzima ikatupigia makofi. Luteni akatusamehe nyuki.

Asubuhi yake mzee mmoja akatokea na fimbo, nyuma yake mbuzi ambao sikuona mwisho. Anafoka mpaka mate yanaruka. Hajali bunduki. Akasimama mbele ya kisima chetu akapiga ile miba kwa fimbo. Sajini Abdi akashuka kuongea naye, maana lugha alikuwa anaijua.

"Anauliza nyinyi ni watoto wa nani," Abdi akatuambia.

Mulwa akasema, "Mwambie ni watoto wa Kanyangi na Sultan Hamud."

Abdi akatafsiri. Mzee akajibu.

"Anasema hajawahi kusikia ukoo huo."

Hapo ndipo tulijua kosa letu. Kwetu Ukambani mchanga wa mto ni wa kila mtu. Wewe unachimba chako, mimi nachimba changu hatua tatu kutoka kwako, jioni tunasalimiana. Kule kisima kina ukoo. Babu yake alichimba, baba yake akachimba palepale, na sisi tulikuwa tumechimba juu yake bila kumwuliza mtu. Kile chake, chini kidogo, kilikuwa kimekauka usiku huo. Maji yote yalikuja kwetu.

Abdi akakaa na yule mzee kivulini mpaka adhuhuri. Hukumu ikatoka: jeshi litanywesha mbuzi mpaka kisima cha mzee kijae tena. Siku tatu. Nyinyi mnaona wanajeshi kwenye magwaride wamenyooka. Mngetuona sisi, bunduki mgongoni, tumejipanga mstari tukipokezana maji kwa kofia na sufuria, na mzee amekaa kwenye jiwe anatukagua. Mbuzi walipanga foleni kuliko makurutu. Mmoja alikula ramani ya Luteni, akaacha kipande cha bahari tu. Yule mzee alimpenda sana Mulwa. Alimletea maziwa ya ngamia, na Mulwa kwa adabu akayamaliza yote, halafu kwa siku mbili hatukumwona ila akikimbia upande wa vyoo, ambavyo huko nako tulichimba sisi wenyewe.

Hapo ndipo ninapokomea kila mara. Mnacheka, mnapangusa macho, mnainuka. Na mimi nafurahi kwamba mmeinuka.

Kuna msichana mmoja kati yenu ambaye huwa hacheki kwa sauti. Anatabasamu tu, anasikiliza, na kesho yake anaomba hadithi ileile. Ni Mwikali, mtoto wa Mulwa. Yule wa miaka minne. Analelewa hapa na mama yake, kwa bibi yake mzaa mama, na sasa amemaliza shule na anakimbia kuliko wavulana. Mwezi uliopita alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akaniambia, "Sajini, mimi nikiingia jeshini nitafuata amri. Sitakufa kama baba, kwa kujipeleka."

Alisema bila chuki, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nikamwambia ni vizuri. Nikaingia ndani nikafunga mlango, na sikula siku hiyo. Mke wangu alidhani ni malaria.

Basi nimalizie.

Baada ya mbuzi, kila mtu katika ile nchi alijua wanajeshi wanateka maji wapi. Sajini Abdi aliliona hilo kabla yetu sote. Akaweka sheria: hakuna mtu atashuka kisimani kabla njia haijapimwa na wale watu wa mabomu ya kutegwa ardhini, wenye chombo kile cha kupitisha chini kama fagio. Ikishapimwa mnateka, mnapanda. Saa mbili zikipita, inahesabiwa haijapimwa. Alitusomesha hiyo sheria kila siku, na mimi niliwasomesha watu wangu wanane kwa mdomo huu.

Siku moja, kama saa kumi alasiri, nilitaka chai. Vijana, sina kitu kikubwa cha kuwaambia hapa. Hakukuwa na vita, hakukuwa na mtu anakufa kwa kiu. Nilikuwa nimetumiwa majani ya chai kutoka nyumbani, moto unawaka, kuna maji nusu sufuria, na tulikuwa watu tisa. Mulwa alikuwa anafua soksi. Nikamwambia, "Mulwa, shuka utuletee jerikeni moja."

Akasema, "Koplo, njia haijapimwa."

Nikamwambia, "Si ilipimwa asubuhi. Nenda bwana, usitucheleweshe chai. Hiyo ni amri."

Ile ya mwisho niliisema kwa utani. Lakini amri ni amri hata ukiisema ukicheka. Akanitazama, akacheka, akavaa viatu, akachukua jerikeni. Alishuka salama. Alikuwa anapanda, jerikeni imejaa, alipokanyaga.

Nilikuwa wa kwanza kufika kwake, na nilipita njia ileile bila kufikiri. Sitawaeleza nilichoona. Mulwa alikuwa hai bado, anajua ni mimi. Akaniambia kwa Kikamba kwamba maji yamemwagika, kama mtu anayeomba radhi. Nikamwambia si kitu. Hilo ndilo neno la mwisho nililompa, si kitu. Helikopta ilifika ikamkuta ameshaenda.

Jioni Luteni akatupanga mstari. Alikuwa ametoka kulia, macho mekundu. Akauliza, "Nani alimruhusu huyu mtu kushuka?"

Swali ni lilelile la nyuki, vijana. Mtu yuleyule aliuliza. Mimi ni yuleyule. Mguu wangu haukuinuka. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba jina langu limepelekwa, nitakuwa sajini kabla mwaka haujaisha, na hilo lilipita kichwani mwangu, sitawadanganya kwamba halikupita. Wale wengine wakanitazama, mimi nikatazama mbele kama tunavyofundishwa. Luteni akangoja. Halafu akaandika: aliondoka kwenye zamu yake bila ruhusa.

Kesho yake Sajini Abdi alinikuta nikisafisha bunduki iliyokuwa safi. Akakaa. Akasema, "Kaka, ukisema, nitasimama kando yako. Usiposema, sitasema kwa niaba yako." Nikaendelea kupangusa. Akainuka akaenda kuswali, na tangu siku hiyo aliniita kwa cheo tu, hakuniita kaka tena.

Kwa hiyo mkiniita Sajini, hapo ndipo cheo kilipotoka.

Kwenye mazishi kule Sultan Hamud mimi ni mmoja wa waliobeba jeneza. Afisa aliyekuja aliongea maneno mazuri. Lakini baadaye barua ilikuja, na ule mstari ulikuwa ndani. Baba yake Mulwa aliisoma mwenyewe mezani, akairudia. Huyu alikuwa mtu wa kupokea treni, miaka yote ile kwenye reli hakuwahi kuacha zamu yake hata akiwa na homa. Akainuka, akaitoa ukutani picha ya Mulwa aliyevaa kombati, akaipeleka chumbani. Kaburi la Mulwa alikataa lisijengewe saruji. Mtu akimpa pole alikuwa anajibu, "Aliacha zamu," halafu anabadilisha mazungumzo.

Mimi nilikuwa naenda kumwona kila Desemba. Alinipa kiti chake. Mwaka mmoja alinishika mkono akaniambia, "Kimeu, afadhali ungekuwa wewe wangu." Nikanywa chai yake, nikashukuru, nikarudi nyumbani. Amekufa mwaka juzi akiamini hivyo.

Nilikaa siku kumi na moja baada ya Mwikali kusema lile neno. Ya kumi na mbili nikamwita kwangu, nikamwambia mbele ya mama yake Ndunge na mbele ya mke wangu, ambaye pia hakuwa anajua. Nilisema yote. Ndunge alitoka nje nikasikia akilia nyuma ya jikoni. Mwikali hakulia.

"Kwa hiyo alifuata amri," akasema.

"Alifuata."

"Yako."

"Yangu."

Akavuta begi lake karibu. Halafu akasema, "Umeniambia mimi, na mimi siye niliyeandika ile barua." Akatoa humo karatasi na kalamu, akaniwekea. Akakaa mezani akinitazama mpaka nikamaliza kuandika na kutia sahihi. Barua hiyo tulienda naye Kitui tukaituma kwa wakubwa. Hawajajibu. Pengine watanikamata, pengine wataiweka kwa faili. Hiyo haikuwa safari ngumu.

Ngumu ilikuwa ya Sultan Hamud. Tulienda Jumamosi. Mama yake Mulwa tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anabambua mbaazi. Ni mzee sasa, kibanda alishaacha. Alifurahi kuniona, akataka kuinuka anipikie. Nikamwambia, "Mwaitu, kaa kwanza," kama ninavyomwita mama yangu mwenyewe. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi na magoti haya mabovu, nikamwambia.

Mikono yake haikuacha kubambua. Nilipomaliza aliuliza, "Hiyo chai mliinywa?"

"Hapana, Mwaitu. Ilikaukia motoni."

Akatikisa kichwa. "Hata yeye hakuinywa," akasema, si kwangu. Akabambua tena kidogo. Halafu akaniambia, "Mimi mwanangu namjua. Sikusema hata siku moja kwamba aliacha zamu. Aliyesema ni yule." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mwembe ambako mzee wake amezikwa, kando ya Mulwa. "Nenda ukamwambie yeye."

Nikaenda. Kaburi la mzee lina saruji na msalaba, la Mulwa ni udongo na mawe yamezungushwa. Mwikali alinifuata akasimama hatua tatu kutoka kwangu. Sikujua mikono niiweke wapi. Nikasimama wima, nikasema kwa Kikamba, taratibu, kwamba Mulwa hakuacha zamu, kwamba ni mimi nilimtuma.

Mwaitu alikuwa amekuja nyuma yetu na fimbo yake. "Hajasikia," akasema. "Reli ilimmaliza masikio, na hakupenda kuulizauliza. Paza sauti."

Nikasema tena kwa nguvu. Akasema bado. Basi nikavuta pumzi nikatoa ile sauti ya gwaride, ile ambayo sijaitumia tangu nistaafu, na koo likapasuka katikati. Watu waliokuwa dukani kando ya barabara wakatoka nje wakasimama. Nikasema jina langu, nikasema cheo nilichokuwa nacho siku ile, nikasema nilimtuma mimi, maji ya chai, nikijua njia haijapimwa.

Mwaitu akangoja kidogo, ameinamisha kichwa upande wa kaburi.

"Hapo amesikia," akasema.